Mkwaruzo wa Gari na Baiskeli ya Mkaa

Ndugu wasomaji wa Unguja na Pemba, leo nawaandikia kutoka Kanyenye, mtaa wa zamani wa mji wa Tabora. Wazee wenu waliokuwa wakisafiri bara wakati wa misafara walipajua hapa kwa jina la Kaze, na nchi iliyouzunguka mji huu waliiita Unyanyembe. Msiichanganye Kanyenye hii na ile ya Ugogo inayotajwa katika vitabu vya wasafiri wa kale. Ile ilikuwa kituo cha njiani ambako misafara ilitozwa hongo. Hii yetu ni mtaa wa mjini, wenye nyumba za baraza, vichochoro vya mchanga, na miembe ambayo kivuli chake kinamfaa kila mpita njia asiyejua mwenye shamba ni nani. Mwingereza Richard Burton alipoingia Kaze tarehe 7 Novemba, 1857, ilikuwa siku yake ya 134 tangu aondoke pwani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, miezi ile ikageuka kuwa siku chache. Leo kuna barabara ya lami, na mtu anayetoka Dar es Salaam alfajiri anaweza kula chakula cha usiku Tabora.

Lakini lami imefika mjini, haikuingia katika vichochoro. Njia iliyozoea mtu na mzigo wake kichwani sasa inapitisha gari, bajaji, pikipiki, mkokoteni, na baiskeli iliyobeba mkaa, zote kwa wakati mmoja, na mbuzi katikati. Wasomaji wanaoishi Mji Mkongwe wa Zanzibar hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili, wala wale wa Ng'ambo. (Na sisi pia Tabora tunayo Ng'ambo yetu, hivyo mgeni wa Unguja akiuliza njia hapa hana haja ya kujifunza majina mapya.) Mahali pa namna hiyo gari halidumu mwaka mzima bila kuchubuka. Nimekusudia kuandika juu ya michubuko hiyo midogo, si juu ya ajali zinazoua, ambazo zina waandishi wake na takwimu zake. Mkwaruzo hauna takwimu. Hata hivyo ndio unaofikishwa mara kwa mara katika ofisi zetu za mtaa na kata, na ndio unaowafanya majirani wapitane bila kuamkiana.

Nitaeleza kisa kimoja ambacho nilikishuhudia mwenyewe. Ilikuwa msimu wa maembe, mvua zimekwisha kuanza. Gari la ofisi moja ya umma, ambayo sina haja ya kuitaja, liliegeshwa chini ya mwembe, ubavu mmoja karibu na ukuta na ubavu wa pili ukiwa umeila njia, hata zikabaki hatua mbili tu za kupita. Akaja mchuuzi wa mkaa anasukuma baiskeli yenye magunia mawili yaliyopakiwa mpaka juu na kushonewa kwa vijiti na kamba, kama ilivyo desturi. Gurudumu likazama katika mchanga, baiskeli ikaegemea, na ncha ya kijiti kimoja ikachora mlango wa nyuma wa gari lile mstari wa urefu wa dhiraa moja hivi.

Dereva alitoka dukani mbio. Hakumpiga mtu, na hilo nataka liandikwe kwa sifa yake. Lakini aliichukua ile baiskeli pamoja na mkaa wake, akaifungia uani kwa ofisi yake, akataja kiasi cha fedha ambacho yule mchuuzi hangekipata kwa kazi ya miezi miwili. Baiskeli ikakaa huko siku sita. Katika siku hizo sita mchuuzi hakuuza kitu. Mkewe akaanza kukopa unga kwa jirani, na siku ya saba yule jirani ndiye aliyekuja ofisini kwetu kulalamika, si mchuuzi mwenyewe. Mchuuzi alikuwa anaogopa. Gari la serikali kwake lilikuwa ni serikali yenyewe, na alidhani kuwa ameikwaruza.

Tulipowaita wote wawili nilishangaa kugundua kuwa dereva naye alikuwa anaogopa vilevile. Aliamini kuwa mkuu wake akiliona gari limechubuka atamkata mshahara, na kiasi alichomtajia mchuuzi kilikuwa ni hesabu ya hofu, wala hakukipata kwa fundi yeyote. Basi tukawa na watu wawili wa hali ya chini, kila mmoja akimbana mwenzake kwa ajili ya mtu wa tatu ambaye hakuwapo na ambaye hakuwa ameulizwa neno. Nadhani wakuu wa ofisi wanaosoma gazeti hili, wa huku na wa huko visiwani, wataona kwa nini nimelitaja jambo hili kabla sijafika kwenye habari za rangi.

Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1860 juu ya nchi za maziwa, Burton anaeleza yaliyotokea pale misafara miwili ilipokutana katika njia nyembamba. Wakati mwingine palizuka ugomvi wa kugombea njia, lakini watu wa Unyamwezi hata walipogombana waligeuza pinde na mikuki kuwa bakora, wasichomane. Na pale misafara ilipokuwa ya kirafiki, virangozi wawili walisogeleana kwa madaha kama wachezaji wa ngoma, kisha ghafla wakainama na kugongana vichwa kama kondoo dume. Watu wote nyuma yao wakafuata, wakasukumana na kugongana hata mgeni angedhani vita vimeanza. Kumbe mwisho wake ni kicheko, na upande ulio dhaifu ukatoa zawadi ndogo na kuupisha ule mwingine. Wakumbuke wasomaji kuwa mpagazi yule alikuwa na mzigo wa frasila mbili hivi begani, yaani kilo zipatazo 32, na pembe za ndovu zilizochomoza mbele na nyuma. Kukwaruzana kulikuwa hakuepukiki. Wazee hawakujidanganya kuwa kutatoweka, bali walikutengenezea utaratibu wake, wenye kipimo na wenye mwisho. Sisi tuna magari na hatuna utaratibu.

Turudi kwenye mlango wa lile gari. Jambo la kwanza tulilofanya ni kumwita fundi wa kunyoosha bodi na kupiga rangi, mzee wa kazi, ambaye aliomba maji kabla ya kusema lolote. Aliuosha mstari ule, akaukausha, akapitisha ukucha wa kidole juu yake kwa kuukata, si kwa kuufuata. Sehemu kubwa ya mstari ukucha uliteleza bila kukwama. Mahali pamoja tu, urefu wa kidole, ukucha ulikwama, na katikati ya hapo bati lilionekana. Fundi akatueleza maana yake, nami naieleza hapa kwa kuwa ni elimu ambayo kila mwenye gari angepaswa kuwa nayo.

Rangi ya gari si tabaka moja. Juu ya bati kuna rangi ya chini inayoshika chuma na kukizuia kutu. Juu yake kuna rangi yenyewe tunayoiona, nyeupe, nyekundu au ya fedha. Na katika magari mengi ya siku hizi, juu ya hiyo kuna tabaka angavu kama kioo, lisilo na rangi, ambalo kazi yake ni kung'aa na kukinga. Matabaka haya yote kwa jumla yana unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani si mbali na unene wa karatasi ya daftari. Ukucha usipokwama, mkwaruzo umeishia katika tabaka la juu, na dawa yake ni kusugua kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini mpaka kingo za ule mfereji mdogo zilainike na mwanga usikatike tena hapo. Mara nyingi kinachoonekana kama mkwaruzo si mkwaruzo hata kidogo; ni rangi ya kitu kilichogonga iliyobaki juu ya gari, na hiyo hutoka kwa kusuguliwa tu. Wengine hutumia dawa ya meno. Fundi wetu hakuicheka, kwa maana dawa ya meno ina chembe ndogo za kusugulia. Alisema tu kuwa inafaa kwa mistari myembamba sana, na kuwa mtu akisugua kwa hasira atajikuta na doa lililofifia kubwa kuliko mkwaruzo.

Ukucha ukikwama, kusugua hakusaidii. Hapo pahitaji rangi, na ikiwa bati linaonekana, pahitaji rangi ya chini kwanza. Watu wengi hukosea hapa kwa kununua kopo lolote la rangi inayofanana kwa macho. Magari mengi yaliyotoka Japani, ambayo ndiyo mengi katika nchi yetu, yana kibati kidogo chenye namba ya rangi, ama kwenye fremu ya mlango ama chini ya boneti, na namba hiyo ndiyo ya kumpelekea muuza rangi. Na hata kwa namba hiyo, gari lililokaa miaka mingi katika jua la Tabora limekwisha kufifia, hasa likiwa jekundu, kwa hiyo kiraka kipya kitajulikana. Mwenye gari akubali mapema, asije akamlaumu fundi. Alama ndogo kama punje ya mtama hutiwa rangi kwa brashi nyembamba, tabaka baada ya tabaka, na kuachwa ikauke kati ya moja na nyingine. Kupaka puti na kupiga rangi mlango mzima kwa ajili ya mstari mmoja ni biashara ya fundi zaidi kuliko haja ya gari.

Hapa ndipo ninapotaka ndugu zangu wa visiwani wanisikilize zaidi, kwa sababu mkwaruzo huohuo una maisha mawili. Kutu ni chuma kilichoungana na hewa ya oksijeni pamoja na maji, na chumvi huichochea kazi hiyo. Kwetu Tabora, wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa Juni na Oktoba, hewa ni kavu, na bati lililo wazi linaweza kumsubiri mwenyewe wiki kadhaa lisiharibike sana. Kwenu upepo wa bahari unaleta chumvi mpaka mlangoni. Gari linalolala Forodhani au Wete likiwa na bati wazi halina muda huo. Kutu haikai mahali pa mkwaruzo tu. Huingia chini ya rangi nzima iliyo kando yake na kuiinua kama malengelenge, na siku mtu anapoona lengelenge, kazi ya brashi imekwisha kuwa kazi ya kukata bati. Kwa hiyo mtu wa kisiwani afunike bati siku hiyohiyo, hata kwa rangi isiyofanana, hata kwa nta, kisha ndipo atafute fundi. Bampa la plastiki ni jambo jingine. Plastiki haishiki kutu, na mkwaruzo wake ni wa kuudhi macho tu. Nimeona watu wakigombana vikali kwa ajili ya bampa ambalo lingeweza kukaa hivyo miaka ishirini.

Kuna michubuko mingine ambayo hatuna wa kumlaumu isipokuwa sisi wenyewe, nayo inatokana na usafi. Kila asubuhi mjini Tabora utamwona dereva amesimama kando ya gari lake, kitambaa kikavu mkononi, anafuta vumbi kwa bidii. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga hukwaruza rangi kama karatasi ya msasa. Dereva huyo analipiga gari lake msasa kila siku kwa nia njema kabisa, na baada ya mwaka rangi inaonekana kama imefunikwa kwa utando wa buibui ikipigwa na jua. Maji yatangulie kitambaa. Yamwagwe kutoka juu kushuka chini, mchanga uondoke wenyewe, kisha ndipo pasuguliwe kwa kitambaa laini kinachosuuzwa katika ndoo nyingine. Kitambaa kilichoanguka chini kisirudishwe juu ya gari.

Na sasa miembe. Huenda mimi ni mkazi wa Tabora wa kwanza kuusema vibaya mwembe gazetini, na naomba radhi kwa wazee. Kivuli chake ni neema, lakini embe bichi likianguka kutoka juu huacha kishimo katika boneti, na utomvu wake, ambao kila mtoto aliyewahi kuchuma embe anajua unavyochoma midomo, huichoma na rangi ya gari pia ukiachwa juani. Kinyesi cha ndege nacho ni hivyohivyo, na watu wa Unguja wenye kunguru wengi kuliko sisi wanalijua hilo. Dawa ya vyote viwili ni maji mapema, yaloweshe kwanza, bila kukwangua kwa kisu wala ukucha. Mwenye gari katika msimu wa maembe achague mwenyewe kati ya jua na embe. Mimi huchagua jua.

Kuhusu kuegesha sitasema mengi, kwa kuwa kila dereva anajua na wachache wanatenda. Katika njia nyembamba vioo vya pembeni vikunjwe. Mtu asifungue mlango kabla ya kutazama nyuma, kwa maana mlango uliofunguliwa ghafla mbele ya baiskeli si suala la rangi tena, ni suala la mfupa. Anayerudi nyuma katika kichochoro ateremke kwanza atazame, na akimwomba mtoto amwelekeze, akumbuke kuwa mtoto huona kisiki na haoni tawi. Lakini lililo kubwa kuliko yote ni kuwaachia wengine njia. Gari lile la kisa chetu liliacha hatua mbili. Magunia mawili ya mkaa juu ya baiskeli, pamoja na mtu anayesukuma, hayapiti katika hatua mbili pasipo kugusa kitu. Tulimuuliza dereva kama yeye mwenyewe angepita hapo na mzigo ule. Alinyamaza kitambo, kisha akasema asingejaribu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usalama Barabarani Na. 30 ya mwaka 1973, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame, atoe jina na anwani yake kwa anayehusika, na jambo liarifiwe polisi. Zanzibar mnayo sheria yenu ya usafiri wa barabarani. Palipo na ubishi, polisi ndio wa kupima na kuandika. Sikuona popote panapompa dereva mamlaka ya kushika chombo cha mwenzake kiwe rehani, awe dereva wa wizara au wa teksi. Kwa wenye bima kubwa, wakumbuke kuwa mikataba mingi humwachia mwenye gari sehemu ya kwanza ya gharama aibebe mwenyewe, na asiyedai kwa mwaka mzima mara nyingi hupunguziwa malipo ya mwaka unaofuata. Mkwaruzo wa urefu wa kidole kuupeleka bima ni kupoteza siku nzima, na pengine na nafuu ya mwaka ujao juu yake.

Kwa viongozi wa ofisi nina ombi moja. Magari ya serikali yana utaratibu wake wa matengenezo, na Wakala wa Ufundi na Umeme, ulioanzishwa mwaka 2005, una karakana mikoani. Sina neno juu ya utaratibu huo. Ninachoomba ni kuwa katika kila ofisi yenye gari kuwe na daftari la michubuko. Dereva akirudi aandike siku, mahali, na kilichotokea, na mkuu atie saini bila kufoka. Dereva anayeweza kuandika hana haja ya kuficha, na asiye na haja ya kuficha hana haja ya kumkamua muuza mkaa njiani. Gari lile ni amana. Tulifundishwa chuoni tukiwa wadogo kuwa amana hurudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe wa gari la umma ni pamoja na yule mchuuzi. Tulipomwambia hivyo alidhani tunamtania.

Utani wenyewe ulikuja baadaye, na ndio uliomaliza kesi kuliko maneno yetu. Dereva alikuwa Mzaramo na mchuuzi Mnyamwezi, na kila msomaji anajua kuwa hao ni watani tangu zama za njia ya misafara. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani akamuuliza dereva tangu lini mtu wa pwani akaja Unyanyembe kumnyang'anya mwenyeji mzigo wake, maana zamani alikuwa akija kumwomba aubebe. Watu wakacheka, na dereva akacheka kabla hajakusudia. Fundi akataja bei yake ya kusugua mstari na kutia rangi ile sehemu ya kidole: ilikuwa chini ya bei ya gunia moja la mkaa. Mchuuzi akatoa nusu, kwa kuwa kijiti kilikuwa chake; dereva akatoa nusu, kwa kuwa maegesho yalikuwa yake. Mkuu wa ofisi ile alipoarifiwa alisema hakuwa ameuona mkwaruzo wenyewe.

Baiskeli ilirudishwa jioni ileile. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekwisha upepo kwa kukaa uani, na dereva ndiye aliyekwenda kuazima pampu. Siku hizi nikimwona yule mchuuzi anapita Kanyenye, vijiti vya magunia yake amevifunga vitambaa kwenye ncha, na gari lile huegeshwa upande wa pili, penye jua.